Kabla ya Kununua Punje za Bunduki ya Upepo

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile itokayo bundukini, na risasi ni madini yenyewe, mazito, ya kijivu, laini hata ukucha huyachubua. Huenda ndiyo maana hatushtuki tukiambiwa kwamba punje za bunduki ya upepo ni za risasi. Zingekuwa za nini tena?

Wewe unayeishi Voi, Mwatate au Taveta, na una bunduki hiyo ya kulengea shabaha nyuma ya nyumba, hebu tazama vidole vyako baada ya kupakia punje hamsini. Ule weusi ni risasi. Kwa vidole hivyo hivyo unamega chapati, na kumbeba mtoto. Wengine huziweka punje mdomoni ili wapakie haraka! Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutokana na anachomeza. Ubongo unaokua ndio unaoumia.

Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, wanayajua haya kwa uchungu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi huko 2007, kikafungwa 2014, na sumu ikabaki udongoni na katika damu ya watoto. Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kopo moja la punje si kiwanda, nakubali, lakini madini ni yale yale.

Zipo punje zisizo na risasi. Nyingi ni za stani, ile inayopakwa ndani ya makopo ya chakula, au zinki, ile ya mabati ya paa. Ni nyepesi, kwa hiyo hutoka kwa kasi zaidi lakini huchoka mapema. Kwa mita kumi hutaona tofauti kubwa, kwa mita arobaini utaiona. Bei yake pia iko juu. Tena ni ngumu, hurudi nyuma zikigonga chuma au jiwe, basi vaa miwani ya kukinga macho na ulenge sanduku lililojazwa matambara.

Usinunue makopo matano kwa mkupuo. Kila mtutu una punje unazozipenda. Nunua kopo moja, piga tano kwenye karatasi, uone kama matundu yamekaribiana, kisha urekebishe shabaha upya.

Ndege wa Ngangao na Mbololo waache. Uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku nchini 1977. Na kama bado hujanunua bunduki yenyewe, pitia kwanza polisi uulize habari za leseni.

Punje za zamani je? Zikusanye zote, hata zilizozama kwenye udongo wa bustani ya sukuma, uzifunge ndani ya kopo mbali na watoto. Kisha unawe kwa sabuni.