Je, Wajua? Insha Iliyopewa C na Katiba ya Marekani

Je, wajua kwamba marekebisho ya mwisho kuingia katika Katiba ya Marekani ni miongoni mwa yale yaliyoandikwa mwanzo kabisa? Mwaka 1789 Bunge la nchi hiyo lilipeleka mapendekezo 12 kwenye majimbo. Kumi yalipita mwaka 1791, nayo ndiyo yanayoitwa Hati ya Haki. Mojawapo ya mawili yaliyokwama lilisema hivi: wabunge wakibadilisha mishahara yao, mabadiliko hayo yasianze kutumika mpaka uchaguzi mwingine upite. Majimbo machache yaliliridhia, kisha likasahaulika.

Mwaka 1982 Gregory Watson, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, alikuwa akihangaika kutafuta mada ya insha ya somo la serikali. Akalikuta pendekezo hilo kitabuni, akagundua kwamba halikuwekewa tarehe ya mwisho. Insha yake ikadai kuwa bado li hai na majimbo yanaweza kuliridhia hata leo. Akapewa C. Akakata rufaa, C ikabaki palepale. Mwingine angenung'unika na kwenda zake, lakini Watson alianza kuwaandikia barua wabunge wa majimbo, gharama zikitoka mfukoni mwake. Jimbo la Maine likaitikia mwaka 1983, Colorado mwaka uliofuata, na mengine yakafuata. Ili pendekezo lipite, robo tatu ya majimbo hayana budi kuliridhia, na robo tatu ya majimbo 50 ni 37 na nusu. Kwa kuwa nusu jimbo halipo, sharti yatimie 38. Yalitimia Mei 1992, na hayo ndiyo Marekebisho ya 27. Alama ya Watson iligeuzwa kuwa A mwaka 2017.

Je, wajua kwamba uhuru wa Marekani haukupigiwa kura tarehe 4 Julai? Kura ilipigwa tarehe 2 Julai 1776, na mmoja wa wajumbe, John Adams, akamwandikia mkewe kwamba siku hiyo ndiyo itakayosherehekewa vizazi na vizazi. Tarehe 4 yalipitishwa maneno ya Tangazo la Uhuru tu, na wengi wa waliotia sahihi walifanya hivyo tarehe 2 Agosti. Hata hivyo tarehe 4 ilimfuata Adams hadi kaburini. Yeye na Thomas Jefferson, mwandishi mkuu wa Tangazo hilo, walifariki siku moja: tarehe 4 Julai 1826, miaka 50 kamili baada ya Tangazo kupitishwa.

Katiba yenyewe ilinakiliwa kwa mkono mwaka 1787 na karani aitwaye Jacob Shallus, kwenye kurasa nne za ngozi, kwa ujira wa dola 30. Tazama jina la jimbo la Pennsylvania: ndani ya ibara ya kwanza lina n mbili pale katikati, lakini penye sahihi lina moja.

Na kuna neno ambalo waandishi wake walilikwepa kwa makusudi. Katiba ile ililinda utumwa bila kuutaja. Katika kugawa viti vya ubunge, watumwa waliitwa "watu wengine", na kila mmoja akahesabiwa kama sehemu tatu kati ya tano za mtu. Neno "utumwa" liliingia mwaka 1865 tu, katika Marekebisho ya 13 yaliyoupiga marufuku.

Je, wajua kwamba Rais wa Marekani hawezi kuwasilisha muswada? Sharti atafute mbunge au seneta wa kumwasilishia. Kwa Mtanzania hili ni geni, maana kwetu Rais ni sehemu ya Bunge, na miswada mingi huletwa na waziri ambaye mwenyewe ni mbunge. Huko waziri haruhusiwi kuwa mbunge, mpango ambao Kenya nayo iliufuata katika Katiba ya 2010. Katika Baraza la Wawakilishi, mbunge huutumbukiza muswada wake kwenye sanduku la mbao kando ya meza ya karani, na hapo umekwisha kuwasilishwa. Kazi ni kuutoa ng'ambo ya pili: kamati, kura ya Baraza, kura ya Seneti, kisha saini. Rais akiukataa, utafufuliwa na theluthi mbili za kila chumba. Akikaa kimya siku 10, Jumapili zisihesabiwe, unakuwa sheria. Lakini Bunge likiwa limeahirishwa kabla siku hizo hazijaisha, muswada unakufa bila Rais kuandika hata herufi moja. Njia nzuri kwa asiyetaka lawama.

Mwisho, je, wajua nani aliandika rasimu ya haki za raia kwa ajili ya Kenya? Kwenye mkutano wa kujadili katiba ya Kenya uliofanyika Lancaster House, London, mwaka 1960, mwanasiasa Mkenya Tom Mboya na wenzake walikuwa na mshauri Mmarekani, Thurgood Marshall. Ndiye wakili mweusi aliyeshinda kesi ya 1954 iliyobatilisha ubaguzi katika shule za umma za Marekani, na mwaka 1967 akawa jaji mweusi wa kwanza wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo. Kwao alikuwa akiwatetea weusi walio wachache. Kenya walio wachache walikuwa walowezi wa Kizungu, na rasimu yake ikataka nao walindwe: mali yao isitwaliwe bila fidia.