Vyombo vya bei nafuu kutoka ng'ambo: Ni akiba au hasara?

MNAMO Januari 2023, duka la China Square lilifungua milango yake katika jumba la Unicity, karibu na Chuo Kikuu cha Kenyatta kwenye barabara kuu ya Thika. Wanunuzi walifurika kutafuta sahani, ndoo, mapazia na vifaa vya umeme kwa bei ambazo wachuuzi wengi wa katikati mwa jiji hawangeweza kuzifikia. Kabla Februari haijaisha, wafanyabiashara wa Nairobi walikuwa barabarani wakiandamana, na Waziri wa Biashara wa wakati huo, Bw Moses Kuria, alikuwa ameingilia kati.

Mjadala ule ulihusu zaidi nani ana haki ya kuuza. Swali la mnunuzi liliachwa kando: je, bidhaa hizo za bei nafuu zafaa kununuliwa?

Wengi hujibu kwa kulaumu nchi ilikotoka bidhaa. Hilo ni kosa. Kiwanda kile kile nchini China huweza kutengeneza sufuria nzito itakayodumu miaka 10 na nyingine nyepesi inayobonyea ikiguswa na mwiko, kutegemea bei aliyoitaka mwagizaji. Mfanyabiashara anayesafiri hadi soko la Yiwu akisisitiza apunguziwe kila senti, hupunguziwa bei na madini pamoja. Kwa hivyo, anayeamua ubora mara nyingi ni Mkenya mwenzetu aliyejaza kontena.

La muhimu ni kujiuliza kitatokea nini chombo kikiharibika. Beseni likipasuka, maji humwagika na mwenyewe hununua jingine. Vikombe, vibanio vya nguo, vikapu vya plastiki, vijiko na vitambaa vya meza ni vitu ambavyo mtu anaweza kuvinunua kwa bei ya chini kabisa bila kukosa usingizi. Sahani za melamini pia hazina neno, mradi tu zisitiwe ndani ya maikrowevu wala kumiminiwa mafuta yanayochemka.

Mambo hubadilika pale chombo kinapobeba umeme au gesi, na hapa hakuna kifaa kinachodharauliwa kama waya wa tundu nyingi, maarufu kama eksitensheni. Watu hujinyima ili wanunue runinga nzuri, kisha huichomeka kwenye waya ulionunuliwa kando ya barabara kwa bei ya chakula cha mchana.

Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240, na plagi yetu ya miguu mitatu imeundwa kubeba ampea 13. Birika la umeme la wati 2,000 peke yake huvuta zaidi ya ampea 8. Ukiongeza pasi ya wati 1,000 kwenye waya huo huo, umeshakaribia kikomo.

Waya mzuri wa shaba wenye unene wa kutosha huustahimili mzigo huo. Lakini ndani ya nyaya nyingi rahisi hamna shaba tupu, bali alumini iliyopakwa shaba juu juu. Alumini hupitisha umeme kwa shida zaidi, na waya ukiwa mwembamba hupata joto. Mpira wake hulainika polepole, siku baada ya siku, nyuma ya kochi au chini ya zulia ambako hakuna anayetazama. Aghalabu plagi yenyewe haina fyuzi, kwa hivyo hakuna cha kukata umeme mambo yanapoharibika.

Hatari nyingine ni plagi za miguu miwili. Soketi zetu zina vizuizi vinavyofunguliwa na mguu wa tatu, na kila mpangaji anaijua mbinu ya kuvifungua kwa kalamu ili kuilazimisha plagi iingie. Birika la chuma lisilo na waya wa tatu, ule wa kupeleka umeme ardhini hitilafu ikitokea, humwachia mtumiaji kazi hiyo aifanye kwa mwili wake.

Kuna pia hesabu ya mfuko. Tuseme birika la Sh800 huharibika kila baada ya miezi minane, na la Sh3,500 hudumu miaka mitano. Katika muda huo aliyenunua rahisi atakuwa kwenye birika la nane na ametumia Sh6,400. Sufuria na karai za mafundi wa Kamukunji zina faida ya ziada kwenye hesabu hii, kwani kikitoboka hupatikana fundi wa kukitia kitako kipya. Birika lililogandishwa pande zote kiwandani halifunguki.

Hata hivyo, ni rahisi mno kumhubiria mwenye Sh800 kuhusu kitu cha Sh3,500. Yeye anahitaji chai leo. Wanawake wengi wamelitatua tatizo hili kupitia vyama vyao vya kununuliana vyombo: kila mwezi michango yote humnunulia mmoja wao kifaa cha maana, badala ya kila mtu kununua kidude chake. Maduka kadhaa nayo hukubali mteja alipe polepole na kuchukua bidhaa akimaliza.

Kwa upande wa serikali, tangu 2005 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) limekuwa na mpango wa kuhakikisha bidhaa zimekaguliwa zikiwa bado katika nchi zinakotoka. Sheria ya kupambana na bidhaa ghushi ilipitishwa 2008, nacho kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa. Lakini mkaguzi hawezi kufungua kila katoni, na kibandiko cha ubora chenyewe huweza kughushiwa.

Ndiyo maana mnunuzi hana budi kujikagulia. Sumaku ndogo kutoka kwa redio mbovu yatosha: miguu ya plagi nzuri hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na zinki, na sumaku haiinasi. Ikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi. Pima uzito wa waya mkononi, tafuta kifuniko cha fyuzi, na udai risiti.

Muuzaji atachomeka kifaa dukani kuonyesha kwamba kinafanya kazi, lakini jaribio hilo la dakika moja halionyeshi joto. Nyumbani, chemsha birika lililojaa mara mbili mfululizo, zima soketi, chomoa plagi na uiguse pamoja na waya. Vuguvugu si hoja. Ikiwa moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, usiurudishe waya huo ukutani.