Maharage ya Katesh na Hesabu ya Viini Vidogo

Katika mnada wa Katesh, chini ya Mlima Hanang, nilinunua sado moja ya maharage mekundu. Mama aliyenipimia aliniusia niyachemshe hadi yaive sawasawa, yasije yakanitapisha. Ni usia ambao kila aliyelelewa karibu na jiko ameusikia, na ningeusahau kabla ya kufika stendi, kama si kijitabu nilichokuwa nacho kwenye mkoba.

Kilikuwa mwongozo wa maabara wa Michael Fenech, mwanasayansi wa Adelaide, Australia, unaofundisha namna ya kuhesabu majeraha ya kromosomu katika damu ya binadamu. Usiku ule niliisoma orodha yake ya vifaa, kifaa kwa kifaa. Kitu cha kwanza kutiwa kwenye damu, kile ambacho bila yake kazi nzima haianzi, hutolewa kwenye maharage mekundu. Ndicho kilekile kinachomtapisha mtu anapoyala mabichi.

Jina lake ni fitohemaglutinini. Zamani watu wa maabara walikitumia kugandisha seli nyekundu za damu ili zishuke chini na kuziacha nyeupe. Mwaka 1960, Peter Nowell wa Philadelphia, Marekani, aliona jambo ambalo wengi wasingelitarajia. Seli nyeupe ziitwazo limfosaiti, zilizodhaniwa kuwa zimefika mwisho wa safari na hazizai tena, zilikuwa zinagawanyika. Maharage yalikuwa yameziamsha. Tangu siku hiyo, chupa ndogo ya damu ya mkononi ikatosha kumwonyesha mtaalamu kromosomu za mtu aliye hai.

Kwa nini seli lazima iamshwe? Kwa sababu jeraha la kromosomu hujificha seli inapolala. Seli inapogawanyika, kromosomu zote 46 hujirudufu, kisha nyuzi nyembamba huzivuta, nakala moja kila upande. Kila kromosomu ina mahali pake pa kushikwa na uzi. Ikikatika, kipande kisicho na mahali hapo hakivutwi na uzi wowote. Kundi linaingia zizini, ndama anabaki nje. Kipande hicho hatimaye hujifunika utando wake na kuwa kiini kidogo kando ya kiini kikubwa. Wakati mwingine kromosomu nzima huchelewa njiani ikaishia hivyohivyo. Anayepima majeraha anavihesabu hivyo viini vidogo.

Kazi huanza saa sifuri: damu, chakula cha seli, dawa ya maharage, kisha joto la nyuzi 37. Saa ya 44 hutiwa saitokalasini B, kitu kinachotokana na ukungu. Huyu ni fundi wa ajabu. Anaruhusu kiini kigawanyike, lakini anauzuia mwili wa seli usikatike, kwa hiyo seli inabaki moja yenye viini viwili. Fenech na mwenzake Alec Morley walitangaza mbinu hii mwaka 1985, nao wakatatua tatizo lililokuwa limewasumbua wengi: utajuaje kama seli unayoitazama imegawanyika mara moja, mara mbili, au haijagawanyika kabisa? Yenye viini viwili imegawanyika mara moja tu. Hizo ndizo za kuhesabia. Saa ya 72 seli huvunwa, hutandazwa kwenye kioo na kupakwa rangi.

Hapo ndipo sauti ya Fenech inapotawala chumba, na hamhurumii anayehesabu. Viini viwili vikubwa viwe vizima, vikaribiane kwa ukubwa, vikae ndani ya mwili mmoja wa seli. Kiini kidogo kiwe cha mviringo au umbo la yai. Upana wake usizidi theluthi moja ya kiini kikubwa, wala usipungue sehemu moja ya 16. Kisiwe kimeunganishwa na kikubwa. Kikikigusa, mpaka kati yao uonekane. Kisimeremete kama punje ya rangi iliyodondoka kwenye kioo. Seli zisipungue 1,000 kwa kila mtu. Nilijaribu kuwaza shingo na macho ya mtu anayeinamia hadubini hadi atimize seli 1,000 za mtu mmoja, kisha aanze za mwingine. Sijui kazi nyingine ya uangalifu inayostahili heshima kuliko hii.

Na hiyo namba ina maana gani? Mwaka 2007 Stefano Bonassi, Fenech na wenzao walikusanya kumbukumbu za watu 6,718 kutoka nchi 10. Waliokuwa na viini vidogo vingi walipata saratani zaidi katika miaka iliyofuata, kwa kiasi cha mara moja na nusu au kuzidi kidogo, kuliko waliokuwa navyo vichache. Matokeo hayo yanahusu makundi ya watu. Mtu mmoja akiambiwa namba yake hajatabiriwa ugonjwa. Umri hupandisha hesabu, na kwa kawaida wanawake huwa na viini vidogo vingi kuliko wanaume. Anayeuza kipimo hiki kama ramli anadanganya.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni nguruwe wa wilaya ya Mbulu.

Tegu, mnyoo wa nguruwe, linajulikana huku. Mwaka 2004, Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzake walichapisha matokeo ya kuchunguza ndimi za nguruwe 770 katika vijiji 21 vya wilaya hiyo: 17.4% walikuwa na vifuko vya mnyoo. Mwaka 2012 Mwang'onde na wenzake waliripoti kwamba damu za takriban watu 16 kati ya kila 100 waliopimwa Mbulu zilionyesha dalili za maambukizi hayo. Mtu hapati vifuko mwilini kwa kula kitimoto. Anavipata kwa kumeza mayai yanayotoka kwenye kinyesi cha mwenye mnyoo tumboni, kupitia mikono, maji au mboga. Vifuko vikifika ubongoni huleta kifafa. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani humo, watu 212 wenye kifafa walipigwa picha za CT scan, na 38 walionekana na madoa yanayoashiria kwa nguvu tegu ubongoni. Matokeo ya uchunguzi huo, ulioongozwa na daktari Andrea Winkler, yalitoka mwaka 2009.

Sasa unganisha na Meksiko. Mwaka 2000 Luis Herrera na wenzake waliripoti kuwa limfosaiti za wagonjwa wenye tegu ubongoni zilikuwa na uharibifu wa vinasaba kupita kawaida, wakauliza kama mnyoo huu unaweza kuwa na uhusiano na saratani. Nilipolisoma swali hilo nikamkumbuka mama wa maharage. Wagonjwa wapo Haydom. Hata kiamsha seli kinalimwa kwenye milima ile ile, katikati ya mahindi.

Nisiseme ni rahisi. Mwenye kifafa hupelekwa kwenye CT scan, na mionzi ya mashine hiyo yenyewe inaweza kuvunja kromosomu, kwa hiyo damu inayochukuliwa baada ya picha imeshachafuliwa. Dawa ya prazikwanteli inayoua vifuko nayo imewahi kutiliwa shaka na watafiti wa Meksiko. Ukiona majeraha baada ya tiba, utamlaumu mnyoo au dawa? Mama aliyepika miaka 30 kwenye moshi wa kuni ana majeraha yake. Tena kuna lishe. Fenech mwenyewe alionyesha, mwaka 1998, kwamba vijana waliokuwa na hesabu ya juu walipopewa foleti na vitamini B12 hesabu yao ilishuka kwa karibu robo. Foleti imo kwenye mboga za majani na, naam, kwenye maharage. Mgonjwa asiyekula vizuri na mgonjwa mwenye tegu wanaweza kuonekana sawa chini ya hadubini. Na mnyoo akiuawa, je, kromosomu hupona, au kovu hubaki kwenye damu kwa miaka?

Maswali haya hayajibiwi kwa kukaa Dar es Salaam wala Adelaide. Wenye mamlaka ya utafiti wa afya, na ninyi wa Sokoine mnaoyajua mazizi ya Mbulu kwa majina ya vijiji, chukueni damu ya mgonjwa wa kifafa kabla hajalazwa kwenye mashine ya CT scan, mchukue tena miezi kadhaa baada ya dawa, mchukue na ya jirani yake mzima wa umri huohuo anayepikia kuni zilezile. Mililita chache kwa kila mmoja, na saa 72 za joto. Kisha mhesabuji aketi.