Kivuli cha Caravaggio: Mikono Iliyoua na Picha ya Altareni



Mwaka 2022 mwongozaji wa Italia, Michele Placido, alitoa filamu iitwayo L'ombra di Caravaggio, yaani Kivuli cha Caravaggio. Sisi mafrateri wa falsafa tuliitazama katika Kiitaliano, maandishi ya tafsiri yakipita chini ya picha, na mabishano yaliyoanza usiku ule yalihamia mezani, yakaenda mpaka shambani. Kilichotugawa ni swali ambalo hata paroko na mwalimu wa kwaya hukutana nalo: mtu akiwa mwovu, kazi yake njema tuifanye nini?

Hadithi imejengwa hivi. Mchoraji Caravaggio amehukumiwa kifo huko Roma kwa kuua mtu, naye amekimbilia kusini kwa familia ya Colonna iliyomlea. Wakubwa wanamwombea msamaha. Kabla ya kuamua, Papa Paulo V anamtuma mpelelezi wa siri, ambaye filamu haimpi jina lolote ila Kivuli, achunguze maisha ya mchoraji huyu na picha zake. Kivuli anakwenda nyumba kwa nyumba, anawahoji marafiki, maadui, makardinali na wanawake wa mitaani. Riccardo Scamarcio anaigiza Caravaggio, Louis Garrel ni Kivuli, na Isabelle Huppert ni Costanza Colonna, yule mama mkubwa anayemkingia kifua. Placido mwenyewe amejipa nafasi ya Kardinali Del Monte.

Lazima tuseme mapema kwamba Kivuli ni mtu wa kubuni. Wahusika wengi wanaomzunguka waliishi kweli, na maisha ya mchoraji mwenyewe hayakuhitaji chumvi ya mwandishi wa filamu.

Michelangelo Merisi alizaliwa Milano mwaka 1571, jina la Caravaggio likitokana na mji wa asili wa familia yake. Alikuwa mtoto mdogo tauni ilipomchukua baba yake mwaka 1577. Alijifunza uchoraji kwa Simone Peterzano, kisha akaenda Roma bila fedha, hadi Kardinali Francesco Maria del Monte alipomkaribisha nyumbani kwake. Mwaka 1600 picha zake za Mtakatifu Mathayo ziliwekwa katika kanisa la San Luigi dei Francesi, na mji mzima ukazungumza habari zake.

Ulizungumza pia habari zake nyingine. Kumbukumbu za mahakama za Roma zimehifadhi jina lake mara nyingi: kubeba upanga bila kibali, kuwatukana askari, kesi ya kashfa aliyofunguliwa na mchoraji mwenzake Giovanni Baglione mwaka 1603. Ipo na ya mwaka 1604, ambayo ilitufanya tucheke kidogo. Katika mgahawa mmoja aliletewa sahani ya mboga ziitwazo atichoki, nyingine zimepikwa kwa siagi, nyingine kwa mafuta. Akauliza zipi ni zipi. Mhudumu akamjibu kwamba akinusa atajua. Caravaggio akamrushia sahani usoni, kisha akashika upanga.

Tarehe 28 Mei 1606 kicheko kilikwisha. Katika ugomvi uliozuka karibu na uwanja wa mchezo wa mpira, alimjeruhi Ranuccio Tomassoni, naye akafa. Caravaggio akakimbia. Napoli, kisha Malta, ambako Julai 1608 alipokewa kuwa mmoja wa Mashujaa wa Mtakatifu Yohane, na kabla mwaka haujaisha akawa amepigana, akafungwa ngomeni, akatoroka, akafukuzwa shirikani kama kiungo kilichooza. Kisha Sicilia, kisha Napoli tena, ambako watu walimvamia na kumkata usoni. Alifariki Julai 1610 huko Porto Ercole, akiwa safarini kuelekea Roma kutafuta msamaha. Alikuwa na miaka 38.

Sasa turudi kwa Kivuli, maana ndiye anayebeba swali la filamu. Kinachomsumbua si mauaji peke yake. Anashangaa kwamba mchoraji huyu anachukua makahaba, ombaomba na wazururaji, anawasimamisha mbele ya taa, na watu hao hao wanageuka kuwa Bikira Maria, mitume na mashahidi. Kwake hilo ni kufuru. Watu watapiga magoti mbele ya nani hasa?

Ili kumtendea haki mpelelezi huyu wa kubuni, tukumbuke Mtaguso wa Trento. Katika kikao chake cha 25, Desemba 1563, ulitetea picha takatifu dhidi ya waliotaka ziondolewe makanisani, ukafundisha kwamba heshima tunayoipa picha humwendea yule anayeonyeshwa. Lakini uliagiza pia kwamba picha zisiwe na jambo lolote la aibu au la kupotosha, na ukawakabidhi maaskofu kazi ya kusimamia. Kizazi cha Caravaggio kilikua chini ya agizo hilo. Padri aliyeangalia picha kwa jicho kali hakuwa lazima adui wa sanaa; alikuwa anatimiza wajibu.

Mfano mzuri ni Kifo cha Bikira Maria, picha aliyochora kwa ajili ya Wakarmeli wa Santa Maria della Scala. Waliikataa. Waandishi wa wakati ule wanatoa sababu zisizofanana: mmoja anasema aliyesimama mfano wa Mama Maria alikuwa kahaba, mwingine analalamikia mwili uliovimba na miguu iliyo wazi. Tuitazame wenyewe. Mama amelala amevaa nguo nyekundu, mkono mmoja umeanguka pembeni. Hakuna malaika wala mawingu. Mitume wamesimama, mmoja amefunika macho, wengine hawajui waweke wapi mikono yao. Mbele, Maria Magdalena ameinama kabisa akilia, na miguuni pake pana beseni la shaba.

Yeyote aliyewahi kuingia chumba cha msiba kwetu anajua beseni hilo ni la nini. Mafrateri wawili miongoni mwetu, waliofiwa na mama zao, walisema hawajawahi kuona picha ya Mama Maria iliyo karibu nao kiasi hicho. Tunawaelewa Wakarmeli walioogopa kwamba picha hiyo inasema juu ya kifo bila kusema juu ya kupalizwa. Lakini je, Kanisa halikufundisha daima kwamba Neno alitwaa mwili wa kweli, na kwa hiyo akawa na mama wa kweli? Mchoraji Rubens, aliyekuwa Roma, alimshauri Mtawala wa Mantova ainunue. Leo ipo Louvre, Paris.

Hapa ndipo tunapoona filamu imeteleza. Inalionyesha Kanisa kana kwamba lina uso mmoja tu, uso wa Kivuli. Waliomwajiri Caravaggio walikuwa nani? Makardinali, mapadri, mashirika ya kitawa na vyama vya waamini. Picha yake ya Mama Maria akimkanyaga nyoka pamoja na Mtoto iliondolewa katika Basilika ya Mtakatifu Petro baada ya muda mfupi tu. Aliyeinunua na kuitundika nyumbani kwake ni Kardinali Scipione Borghese, mpwa wa Papa huyo huyo. Kanisa lilikuwa linabishana lenyewe kwa lenyewe, mkono mmoja ukikataa na mwingine ukinunua. Filamu ingekuwa tajiri zaidi kama ingetuonyesha ubishi huo.

Basi, mikono iliyoua inaweza kuchora kitu kitakatifu? Wengi wetu tulikimbilia kwanza kwa Mtakatifu Augustino, aliyewajibu Wadonatisti kwamba ubatizo ni halali hata mhudumu akiwa mdhambi, kwa sababu anayebatiza ni Kristo. Jibu zuri, ila halifiki hapa. Picha si sakramenti, na Kristo hakuahidi kuwa ndani ya rangi.

Aliyetusaidia ni Mtakatifu Thoma wa Akwino. Katika Summa, sehemu ya kwanza ya kitabu cha pili, swali la 57, anatofautisha ufundi na busara. Vyote viwili ni uelekevu wa akili. Ufundi unahusu vitu vinavyotengenezwa. Busara inahusu matendo yanayotendwa. Kwa hiyo fundi husifiwa kwa ubora wa kitu alichokitengeneza, si kwa nia aliyokuwa nayo alipokitengeneza. Kwa lugha ya kijijini: fundi seremala akiwa mlevi na mgomvi, lakini kiti chake hakiyumbi, kiti ni kizuri. Unaweza kumwambia aende kuungama, na bado ukakaa.

Thoma haishii hapo. Busara, tofauti na ufundi, inadai moyo ulionyooka. Caravaggio alikuwa na ufundi mwingi na busara kidogo sana, na kimoja hakikuwa badala ya kingine. Walinzi wake walitaka ufundi umlipie deni la damu. Kivuli, kwa upande wake, alitaka damu ifute ufundi. Kwa maoni yetu, wote wawili wamechanganya mambo ambayo Thoma aliyatenganisha miaka zaidi ya 300 kabla yao.

Baadhi ya wenzetu waliona swali limekwisha. Sisi tulioandika makala hii hatukuona hivyo. Ubora wa picha unaamuliwa na kanuni za ufundi, sawa. Lakini kuitundika picha mahali watu wanaposali ni tendo la mtu, la paroko, la askofu, na tendo hupimwa kwa busara. Hayo ni maswali mawili.

Jambo hili si la karne ya 17 tu. Marko Rupnik, padri wa Slovenia, alipamba makanisa mengi duniani kwa mozaiki zake, yakiwemo ya Lourdes. Wanawake kadhaa, baadhi yao waliokuwa watawa, walimtuhumu kwamba aliwadhalilisha kijinsia na kiroho. Juni 2023 Wajesuiti walimfukuza shirikani kwa kukataa utii, na Oktoba mwaka huo Papa Fransisko aliondoa kikwazo cha muda wa sheria ili kesi iweze kusikilizwa. Mwaka 2025 wasimamizi wa Lourdes walifunika mozaiki zilizo kwenye milango ya Basilika ya Rozari. Sababu waliyoitoa haikugusa ubaya wala uzuri wa kazi. Waliwafikiria watu waliojeruhiwa, ambao wanakuja pale kusali na wanalazimika kupita chini ya mozaiki hizo.

Tunadhani hiyo ndiyo tofauti kubwa. Caravaggio ana miaka zaidi ya 400 kaburini, na hakuna mjane wa Tomassoni anayeketi benchi la mbele. Pale ambapo aliyeumizwa bado yupo, swali la kwanza halimhusu msanii kabisa. Vivyo hivyo parokiani, mtunzi wa nyimbo anapoanguka hadharani: wimbo unaweza kubaki mzuri kwa kanuni zote za muziki, na bado ikawa busara kutouimba mbele ya familia aliyoiumiza. Wimbo mzuri unaweza kusubiri.

Na tukiwa kwa Tomassoni, tuna lawama nyingine kwa filamu. Kivuli anahoji watu wengi sana, na karibu kila swali linamrudia mchoraji. Marehemu amebaki kuwa chanzo cha matatizo ya msanii. Tunafahamu filamu haiwezi kubeba kila kitu, lakini saa mbili zinatosha kumpa mtu aliyeuawa uso.

Cha ajabu, anayeonekana kulifahamu jambo hilo ni Caravaggio mwenyewe. Huko Malta alichora Kukatwa Kichwa kwa Yohane Mbatizaji, picha kubwa mno iliyoko hadi leo Valletta, na ndiyo pekee aliyoitia sahihi. Jina lake ameliandika ndani ya damu inayotiririka kutoka shingoni mwa Yohane. Na katika Daudi mwenye kichwa cha Goliathi, iliyoko Galleria Borghese huko Roma, kichwa kinachoning'inia mkononi mwa kijana, mdomo wazi, jicho moja likizimika, kina sura ya mchoraji. Daudi hashangilii. Anakitazama kwa huruma. Wataalamu wanabishana juu ya mwaka ilipochorwa, lakini sura hiyo ni ya mtu anayejua hukumu yake inasemaje.

Papa Fransisko, kabla hajawa Papa, alipokuwa akifika Roma alizoea kwenda San Luigi dei Francesi kutazama Wito wa Mtakatifu Mathayo. Alisimulia hilo mwaka 2013, akisema alijiona mwenyewe katika Mathayo anayeng'ang'ania fedha wakati kidole cha Yesu kinamwelekea. Watazamaji bado hawakubaliani Mathayo ni yupi pale mezani: mzee mwenye ndevu, au kijana aliyeinamia sarafu pembeni, asiyeinua hata uso. Sisi tulipiga kura, kijana akashinda kwa kura mbili.

Kwa parokia zinazofikiria kuionyesha filamu hii: ina damu nyingi na matukio ya chumbani yasiyofaa watoto, hivyo itazamwe kwanza na walezi. Kwa vikundi vya vijana wakubwa tunapendekeza zianze picha zenyewe, zikionyeshwa moja moja ukutani kwa projekta, taa zimezimwa, bila maelezo kwa dakika chache. Filamu ifuate wiki inayofuata, watu wakiwa tayari na maswali yao.