Je, Wajua? Si Kila Fundi Hugusa Ndege
Ndege ndogo yenye alama ya 5Y, inayotua Uwanja wa Ndege wa Moi kule Port Reitz, Changamwe, imesajiliwa Kenya na iko chini ya kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA). Rubani anaruhusiwa kuifanyia ndege yake binafsi kazi ndogondogo: kubadilisha tairi, kumwaga oili chakavu, kusafisha plagi. Lakini ndege ya kampuni inayobeba abiria wa kulipa hushughulikiwa na karakana iliyoidhinishwa, si rubani. Ukarabati mkubwa, kama wa injini, lazima uthibitishwe na mhandisi mwenye leseni. Bila saini yake katika kitabu cha kumbukumbu za ndege, ndege haina ruhusa ya kuruka, hata injini iungurume vipi.