Kazi ya Farasi: Mambo ya Kujua Kabla ya Kumtuma Kijana

Mwezi uliopita mkulima mmoja wa Tetu alifika ofisini kwetu akiwa na hati ya shamba lake ndani ya bahasha. Akaniambia, "Mwalimu, nisaidie kujaza karatasi hizi za mkopo. Kijana wangu amepata kazi ya farasi Arabuni." (Niliacha kufundisha zamani, lakini wengi hapa bado huniita hivyo.) Nikamwuliza, "Mzee, kijana amewahi kumshika farasi?" Akacheka, akasema hajamshika, ila wakala amesema atafundishwa huko huko. Nikamwuliza tena wakala huyo ameandikishwa wapi. Hapo mzee hakucheka.

Karatasi hatukuzijaza siku ile. Lakini swali la kazi ya farasi ni swali la haki, na si yeye peke yake aliyekuja nalo. Vijana wameona katika simu zao farasi wa mbio na mali ya wenye farasi hao, nao wanauliza kama mtoto wa mkulima mwenye ekari mbili anaweza kupata riziki huko. Jibu ni kwamba anaweza. Ila njia ya kuingia si ile anayoionyesha wakala.

Farasi wako wapi katika nchi hii

Kwa wazee wetu farasi alikuwa mnyama wa Mzungu. Mashamba ya walowezi yalipoanza kugawanywa kuanzia mwaka 1962, wakulima walipewa mikopo ya ng'ombe wa gredi. Hakuna aliyeomba mkopo wa farasi, wala hakukosea, kwa maana farasi hapeleki maziwa kiwandani. Lakini farasi hakuondoka Kenya. Mbio za farasi zilianza Nairobi mwaka 1904, na tangu 1954 uwanja wake ni ule wa Ngong Road, chini ya Jockey Club of Kenya. Karen na Langata kuna shule za kufundisha watu kupanda farasi. Gilgil na Nairobi kuna wachezaji wa polo, na kila mchezaji ana farasi kadhaa, kwa kuwa farasi mmoja hawezi kukimbia mchezo mzima.

Kwetu sisi wa Nyeri kazi ya karibu zaidi iko upande wa Nanyuki na Laikipia. Kuna mashamba makubwa na hifadhi, kama Borana na Lewa, ambako wageni hutembezwa juu ya farasi kuangalia wanyama wa porini, na kuna hoteli zenye farasi wa kupanda chini ya Mlima Kenya. Jambo hili si geni huko. Raymond Hook wa Nanyuki alizalisha wanyama waliochanganya damu ya farasi na ya pundamilia, wakabeba mizigo ya wapanda mlima. Wazo lenyewe lilikuwa la ajabu kidogo, lakini mizigo ilifika.

Tena kuna Serikali. Kikosi cha polisi cha kuzuia wizi wa mifugo, chenye makao yake Gilgil, kimetumia farasi na ngamia mahali ambapo gari halipiti. Mtu asidhani ataandikwa moja kwa moja kuwa mpanda farasi wa polisi. Ni lazima kwanza aandikwe polisi kama wengine na kufunzwa kama wengine, na chuo kikuu cha polisi kiko hapa hapa Kiganjo. Kuandikwa polisi hakuna malipo. Atakayekuomba pesa kwa ajili hiyo ni mwizi.

Kazi yenyewe

Mtu anayetunza farasi huitwa saisi. Ndiyo kazi ya kwanza, na karibu kila aliyepanda cheo zizini alianzia hapo. Beryl Markham, aliyekulia Njoro, alipata leseni ya kufundisha farasi wa mbio akiwa na umri wa miaka 18 hivi, na farasi wake walishinda mashindano ya Kenya Derby mara 6. Dunia inamkumbuka zaidi kwa kuvuka bahari ya Atlantiki kwa ndege akiwa peke yake mwaka 1936. Lakini katika kitabu chake mwenyewe ameeleza habari za arap Ruta, mwenzake tangu utoto, ambaye ndiye aliyekuwa naye zizini na farasi wale. Mimi nasoma habari za mbio, na kila mara naona jina la mwenye farasi, la mwalimu wa farasi, na la mpandaji. Jina la saisi silioni.

Saisi huamka saa kumi na moja alfajiri au mapema zaidi. Huzoa mavi na majani yaliyolowa, huweka mengine makavu, hutoa maji na chakula, humpiga farasi brashi mwili mzima, kisha huinua mguu mmoja mmoja na kutoa uchafu katika kwato. Baadaye farasi hufungwa tandiko na lijamu na kutolewa mazoezini kabla jua halijawa kali. Jioni mambo ni yale yale. Farasi hajui Jumapili wala Krismasi. Na kwa masaisi wa Ngong Jumapili ndiyo siku ya kazi nyingi kuliko zote, kwa sababu ndiyo siku ya mbio.

Mkulima aliyezoea ng'ombe asifikiri amekwisha kumjua farasi. Ng'ombe hucheua, farasi hacheui, na tena hawezi kutapika. Akila kitu kibaya hubaki nacho tumboni. Ukimwona anaacha chakula, anaangalia ubavu wake, anachimba chini kwa mguu, analala na kubingirika, basi tumbo lake limesokota, na ni lazima Bwana Mifugo aitwe saa ile ile. Usingoje kesho. Farasi mzima akiwa ametulia moyo wake hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, na joto lake ni digrii 37.5 hadi 38.5. Saisi anayejua kuhesabu mambo hayo na kuyaandika kitabuni ni mtu wa thamani, na hapo ndipo masomo ya shule yanapoonekana.

Kuna hatari mbili zinazotuhusu sana sisi wa huku. Ya kwanza ni avokado. Majani, maganda na matunda ya mti huu ni sumu kwa farasi na punda, nasi tumeupanda kila pembe ya shamba. Ya pili ni chakula cha madukani cha kuku au cha ng'ombe ambacho kimetiwa dawa iitwayo monensini. Ng'ombe hawadhuriki nayo, lakini farasi hufa kwa kiasi kidogo tu, maana huharibu moyo. Saisi mmoja mwenye huruma akimgawia farasi wake chakula cha ng'ombe anaweza kumwua bila kujua.

Tena kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoletwa na visubi waumao tangu jioni hadi alfajiri. Hauna dawa ya kuuponya, na farasi anaweza kufa kwa siku chache. Kinga yake ni chanjo ya kila mwaka na kumfungia farasi zizini kabla ya jioni. Punda na pundamilia huupata bila kuugua sana. Kwa sababu hiyo visubi wanaweza kuuchukua kwao na kuufikisha kwa farasi wa jirani bila mtu kugundua.

Punda wa nyumbani ni shule

Kijana wa yule mzee alikuja ofisini wiki iliyofuata. Nilimpeleka kwa jirani mwenye punda wa kuchota maji, nikamwambia, "Haya, inua mguu wa nyuma." Alisimama nyuma kabisa ya punda, mahali pale pale anapopiga teke. Jirani akamvuta shati. Akamwonyesha kusimama karibu na bega, akitazama mkiani, apapase mgongo hadi pajani, ashuke taratibu mpaka mguuni, huku akisema na mnyama ili asishtuke. Punda alikataa mara mbili. Mara ya tatu aliutoa mguu mwenyewe.

Namna hiyo hiyo hutumika kwa farasi. Kijana aliyejifunza kumfunga punda, kumwongoza bila kumpiga, kusafisha kwato na kuona kidonda chini ya kamba kabla hakijaoza, amekwisha kuanza kazi ya saisi kabla hajatoka kwao. Tena punda mwenyewe ana kazi. Mwaka 2009 walihesabiwa zaidi ya milioni 1.8 nchini, na mwaka 2019 wamebaki kama milioni 1.2. Katikati ya miaka hiyo palifunguliwa machinjio ya punda kwa ajili ya ngozi za kupelekwa China, na wizi ukazidi. Watu waliamka asubuhi wakakuta kamba tu. Serikali ilipiga marufuku machinjio hayo mwaka 2020, mahakama ikatengua amri hiyo mwaka 2021, na mwezi wa Februari 2024 Umoja wa Afrika ukaamua kuzuia biashara ya ngozi za punda katika bara lote kwa miaka 15. Punda aliyebaki ni ghali, na mwenye punda ghali humlipa mtu anayejua kumtibu.

Kupanda kutoka zizini

Saisi hujifunza kwa mikono, chini ya saisi mzee. Mwenye zizi kwa kawaida humjaribu kijana kwa siku kadhaa kabla ya kumchukua. Baada ya hapo njia hugawanyika. Mwenye mwili mwepesi na moyo mkavu anaweza kujaribiwa kuwa mpandaji wa mazoezi, na wachache hufika kupanda katika mashindano. Lakini wapandaji wa mbio mara nyingi hawazidi kilo 55, kwa hiyo kijana mrefu wa mifupa mikubwa asijisumbue.

Kwa maoni yangu kazi nzuri kuliko zote, tena isiyosemwa sana, ni ya fundi wa kwato. Kwato za farasi ni lazima zikatwe, na viatu vya chuma vibadilishwe, karibu kila wiki 6 hadi 8. Hata mvua isiponyesha kwato hukua. Mafundi hawa ni wachache. Kijana aliyejifunza uhunzi au kuchomelea vyuma katika chuo cha ufundi, kisha akafanya kazi na fundi wa kwato muda wa kutosha, ana kazi inayozunguka naye toka zizi hadi zizi. Asianze peke yake kwa kubahatisha, kwa sababu msumari ukiingia kombo kidogo tu farasi huwa kiwete.

Mwenye cheti kizuri cha shule afikirie vyuo vya afya ya mifugo vya Serikali, viitwavyo AHITI. Viko Kabete, Nyahururu na Ndomba huko Kirinyaga, na masomo ya cheti kwa kawaida ni miaka miwili. Kuwa daktari kamili wa mifugo ni miaka mitano, Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete. Wote hawa ni lazima waandikishwe na Bodi ya Mifugo kwa sheria ya mwaka 2011 kabla ya kutibu mnyama wa mtu kwa malipo. Faida yake ni kwamba kama hakuna farasi wa kutibu, ng'ombe wa Tetu wapo.

Na wewe mzazi unayebaki shambani unaweza kuuza kitu. Farasi mmoja hula kilo 9 hivi za nyasi kavu kwa siku, yaani marobota zaidi ya 200 kwa mwaka. Nyasi hizo ni lazima ziwe hazina ukungu wala vumbi, kwa sababu pafu la farasi halivumilii, na nyasi zilizonyeshewa zikiwa zimekatwa zitarudishwa kwako mlangoni. Watu wa Kieni wanaolima Boma Rhodes na karoti waulize mazizi ya Nanyuki kabla ya kuuza kwa dalali.

Mkataba na wakala

Farasi ana uzito wa kilo 450 na zaidi. Teke moja huvunja mbavu. Kwa hiyo kabla kijana hajaanza, auliziwe mambo haya: Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi, na sheria ya fidia ya wafanyakazi ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri awe na bima ya mtu akiumia kazini. Mwajiri anayesema "tutaona baadaye" ameshajibu.

Ni kweli kwamba Dubai na Saudi Arabia wana mazizi makubwa ya farasi wa mbio, na wafanyakazi wengi huko ni wageni. Lakini mazizi hayo hutaka mtu aliyekwisha kuwa saisi. Kijana asiyejua kazi akipelekwa huko, anaweza kufikia kazi nyingine kabisa asiyoikubali, akiwa na deni nyumbani. Wakala yeyote wa kupeleka watu ng'ambo ni lazima awe ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, na majina ya walioandikishwa hutangazwa. Pata jina la kampuni yake kamili, si jina la mtu na nambari ya simu, ukalilinganishe na orodha hiyo au uulize ofisi ya Kazi mjini Nyeri. Ufanye hivyo kabla hati ya shamba haijatoka sandukuni.

Kijana anayetaka barua ya kujulishwa kwa wenye mazizi aje ofisini siku yoyote ya kazi asubuhi. Alete kitambulisho, cheti cha shule, na jina la mkulima aliyemwona akishika punda au ng'ombe, maana tutamwuliza. Barua haina malipo.