Injini Iliyodanganya Katika Mtihani

Siku za mwizi ni arubaini, na arubaini ya kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilitimia mwezi wa Septemba, mwaka wa 2015. Serikali ya Marekani ilitangaza kuwa magari ya dizeli ya kampuni hiyo yaliundwa yakiwa na hila ya kupita mtihani wa moshi. Kampuni yenyewe ilikiri kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Sisi walimu, ambao twahangaika na wizi wa mitihani, tunalo la kujifunza hapa.

Ili tuielewe hila hiyo, hatuna budi kuielewa injini yenyewe. Injini ya dizeli, ambayo Rudolf Diesel alifaulu kuiendesha mwaka wa 1897, haitumii cheche za plagi. Pistoni huishindilia hewa ndani ya silinda hadi ipate joto kali, kisha mafuta hunyunyiziwa humo yakawaka yenyewe. Ndiyo maana hutumia mafuta machache kuliko injini ya petroli. Lakini hakuna kizuri kisicho na ila. Joto likizidi, naitrojeni na oksijeni za hewani huungana zikazaa gesi zinazodhuru mapafu. Likipunguzwa, masizi huongezeka. Ukiziba huku, kunavuja kule.

Wahandisi hawakukata tamaa. Katika injini za kisasa, mafuta huingizwa kwa shinikizo linaloweza kupita mara 2,000 ya lile la hewa inayotuzunguka, yakawa kama ukungu. Sehemu ya moshi hurudishwa ndani ya silinda ili kupunguza joto. Chujio hunasa masizi. Katika magari mengi, maji ya yurea hunyunyiziwa kwenye moshi, na gesi ile hatari hugeuzwa kuwa naitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji.

Dawa basi ilikuwako, ila ilikuwa na gharama, na Volkswagen ikachagua njia ya mkato. Kompyuta ya gari iliangalia usukani, mwendo na muda wa safari, ikatambua kuwa gari linapimwa. Hapo moshi ulisafishwa ipasavyo. Gari likitoka maabarani, usafishaji ulilegezwa, na gesi hizo ziliweza kufikia mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa.

Waliolifukua jambo hili ni watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia. Walifunga vipimo garini, wakayaendesha magari katika barabara za California, na mwaka wa 2014 wakatoa ripoti yao. Yaliyofaulu maabarani yalianguka njiani.

Mwaka wa 2017 kampuni ilikiri makosa mahakamani Marekani, ikakubali kulipa dola bilioni 4.3. Hata hivyo, nionavyo mimi, hatua iliyo muhimu zaidi ni ile ya Ulaya, ambako mwaka uo huo magari ya miundo mipya yalianza kupimwa barabarani pia. Hawakumwadhibu mwizi tu, waliubadilisha mtihani.

Nasi walimu tujiulize. Mtihani ambao sura yake haibadiliki humfunza mtoto kuujua mtihani, si kuijua elimu. Nanyi wanafunzi, kumbukeni kwamba cheti cha uongo hakikuwasafishia hewa watu waliouvuta moshi ule. Maabara yaweza kudanganywa, mapafu hayadanganyiki.